Mvua haifuati jembe
(Mazungumzo katika semina ya viongozi wa vikundi vya kujisaidia)



Tukikutana hapa hatukosi kusema, "Mvua imetukimbia." Leo tumeonelea tuzungumze juu ya nchi ya mbali, tuone ni nini huleta mvua au kuizuia, na mkono wa mkulima unaingia wapi.

Katikati ya Marekani, mpaka kusini mwa Kanada, kuna nchi tambarare ziitwazo prairi. Kabla ya kulimwa zilikuwa nyasi tu mpaka macho yachoke. Mtauliza, kwa nini nyasi na si misitu?

Kwanza ni milima. Upande wa magharibi kuna safu ndefu ya milima ya Rocky. Upepo wa bahari ya Pasifiki hupanda milima hiyo ukiwa na unyevu, hupoa, na kumwaga mvua yake upande wa bahari. Ukishuka upande wa pili umekauka. Hata mlima Kenya hufanya hivyo. Chuka na Embu wananyeshewa, Nanyuki wanangojea.

Pili, mvua ya prairi hutoka hasa kusini, katika Ghuba ya Meksiko. Kwa hivyo sehemu za mashariki hupata milimita 800 au zaidi kwa mwaka, na nyasi zake huweza kumzidi mtu kimo. Ukielekea magharibi mvua inapungua, mpaka karibu na milima inabaki 300 au 400 tu, na nyasi ni fupi.

Tatu, hakuna mlima wa kukinga baridi ya kaskazini wala joto la kusini. Sehemu za kaskazini baridi huweza kufika nyuzi 30 chini ya sufuri, na wakati wa joto zikapita 38. Hewa hizo mbili zikikutana, hasa mwezi wa Aprili hadi Juni, huleta radi, mvua ya mawe na vimbunga vya kung'oa nyumba.

Nne ni ukame na moto. Moto wa radi, na ule uliowashwa na wenyeji wa asili, uliua miti michanga. Lakini uhai wa nyasi uko chini. Mizizi mingine hushuka mita 2 na zaidi. Ilishika udongo, na ilipooza ikawa mbolea.

Sasa sikieni yaliyotokea. Sheria ya mwaka 1862 iliwapa walowezi ekari 160 kila mmoja. Miaka ya 1870 mvua ilikuwa njema, na watu wakaambiwa kwamba mvua hufuata jembe: lima tu, itakuja! Mwaka 1878 mtaalamu John Wesley Powell alionya kwamba sehemu za magharibi hazina mvua ya kutosha kulima bila kumwagilia maji. Wengi hawakumsikia. Vita vya 1914 hadi 1918 vikapandisha bei ya ngano, trekta zikaja, nyasi zikapinduliwa.

Halafu bei ikaanguka, na mwaka 1931 mvua ikakatika. Udongo ulikuwa uchi. Mwezi wa Mei 1934 vumbi lilipeperushwa mpaka New York na kwenye meli baharini. Tarehe 14 Aprili 1935, siku wanayoiita Jumapili Nyeusi, mchana uligeuka usiku. Watu waliugua mapafu, wengine wakafa. Kufikia mwaka 1940 watu kama milioni 2.5 walikuwa wamehama majimbo yale.

Tuseme ukweli: ukame ule haukuletwa na jembe. Wataalamu wameona ulianzia kwenye mabadiliko ya joto la bahari. Lakini ardhi tupu na vumbi vilizidisha ukali wake. Mkulima hakuumba ukame, ila aliufungulia mlango.

Je, walifanya nini? Mwaka 1935 serikali iliunda idara ya kuhifadhi udongo chini ya Hugh Hammond Bennett. Wakulima walilima kwa kufuata kontua, wakaacha mabua shambani, wakarudisha nyasi mahali palipochoka. Kati ya 1934 na 1942 ilipandwa miti zaidi ya milioni 200 ya kuzuia upepo. Na tangu 1937 wakulima wenyewe walianza kuunda halmashauri zao za kutunza udongo. Si hayo ndiyo tunayoyaita kujisaidia?

Ndugu zetu, kuna vikundi kati yetu vinavyotaka kugeuza malisho yote kuwa shamba la mahindi, kwa sababu misimu miwili imekuwa mizuri. Hatusemi msilime. Tunasema, msiihesabu ardhi kwa mwaka wa mvua. Ihesabuni kwa mwaka wa njaa. Milima na bahari hatuwezi kuzisogeza, lakini nyasi ziko mikononi mwetu.

Maswali ya kujadili katika kikundi:
1. Wazee wanakumbuka ukame wa miaka gani hapa kwetu? Ni mashamba gani yaliyohimili?
2. Ni sehemu gani ya malisho yetu haifai kuguswa na jembe?
3. Baada ya kuvuna, mabua yetu huenda wapi?