Jicho na Mkono wa Mtoto: Maneno kwa Walimu na Wazazi

Twataka kunena nanyi habari za kipindi kimoja kidogo cha shule, yaani kipindi cha kuchora na kazi za mikono. Kipindi hiki ni chepesi kuibiwa. Mitihani ikaribiapo hupewa hesabu, wala hapana anayenung'unika, kwa kuwa wengi hudhani ya kwamba kuchora ni mchezo tu.

Sivyo. Mtazameni mama asukaye ukili. Huchana miyaa, huitia rangi, kisha huihesabu; akikosea mwaa mmoja, nakshi hupotea. Halafu ukili hushonwa safu kwa safu hata uwe mkeka. Mama huyo huenda hajui kusoma, lakini ajua kupima, kupanga, na kuiona kazi nzima kabla haijawako. Hayo ndiyo tutakayo mtoto ajifunze.

Basi, tufundisheje? Iko desturi ya mwalimu kuchora nyumba ubaoni na watoto wote kuinakili; na yule ambaye nyumba yake haifanani na ile ya ubaoni hupewa alama mbaya. Hapo mtoto hujifunza neno moja tu, ya kuwa macho yake hayafai kitu. Afadhali tuwawekee mtungi mbele yao, wautazame kitambo, tuufiche, kisha kila mmoja achore aliyoyakumbuka. Siku nyingine tuwape kipande cha ukili, waifuate nakshi yake, kisha kila mmoja abuni nakshi yake mwenyewe. Wala tusiseme kwamba hatuna vifaa. Makaa yako jikoni, udongo uko mtoni, na kijiti kilichotafunwa ncha chatosha kuwa brashi.

Tunao mfano katika shule ya misheni iitwayo Cyrene, karibu na Bulawayo, katika nchi ya Zimbabwe. Jina lake latokana na Simoni Mkirene, mtu wa Afrika aliyeuchukua msalaba. Katika miaka ya 1940 mkuu wake, Kasisi Edward Paterson, aliagiza kila mwanafunzi ajifunze kuchora, wala si wenye kipawa peke yao. Wanafunzi wakazipamba kuta za kanisa lao kwa picha, na watu wa Biblia wakawachora kwa sura za Kiafrika. Hawakunakili picha za ugenini. Walichora waliyoyaona kwa macho yao.

Kwa hiyo twawasihi, walimu, kilindeni kipindi hiki, hata wakati wa mitihani. Nanyi wazazi, mtoto aletapo picha yake nyumbani, msimcheke. Mwambieni awaeleze alichokiona, nanyi msikilize. Mtoto aliyezoea kutazama vema hatasahau kutazama awapo fundi, mkulima, au mwalimu.