Mtihani wa Kusoma Uliowanyima Watu Kura



Leo tuzungumze habari za wenzetu wa mbali, watu weusi wa Marekani. Habari hii inatugusa sisi tuliojifunza kusoma ukubwani, kwa maana huko kusoma kulitumiwa kuwanyima watu haki yao.

Utumwa ulikomeshwa Marekani mwaka 1865. Mwaka 1870 Katiba yao ikaongezwa kifungu: mtu asinyimwe kura kwa sababu ya rangi yake. Maneno mazuri kabisa. Lakini majimbo ya kusini yakatafuta njia ya pembeni. Yakasema, anayetaka kuandikishwa kupiga kura afanye kwanza mtihani wa kusoma, na pengine aeleze maana ya Katiba. Karani Mzungu ndiye aliyetoa mtihani, na ndiye aliyesahihisha. Mtu mweusi, hata kama ni mwalimu, aliweza kuambiwa: "Umeshindwa, nenda zako."

Je, watu walikaa kimya? Hapana. Mwaka 1957, katika kisiwa cha Johns, jimbo la South Carolina, walianzisha darasa la watu wazima. Mbele palikuwa na duka, nyuma ndipo darasa, ili Wazungu wasije wakalifunga. Mwalimu alikuwa mama Bernice Robinson, ambaye kazi yake ilikuwa kutengeneza nywele. Wanafunzi walianza kwa kuandika majina yao, wakaendelea mpaka kusoma sheria ya uchaguzi. Madarasa kama hayo yakaenea kusini kote.

Lakini kusoma peke yake hakukutosha. Karani asiyetaka, hataki tu! Ikabidi kwenda mahakamani, na huko nako hawakushinda mara moja. Mwaka 1959 Mahakama ya Juu ilisema jimbo lina ruhusa ya kupima watu kusoma, mradi wote wapimwe sawasawa.

Basi, walipimwa sawasawa? Sikilizeni kesi ya jimbo la Louisiana. Serikali kuu ililishtaki jimbo hilo, na ushahidi ukaletwa. Kumbe Mzungu mmoja alikuwa ameandika maneno matatu tu, yote yamekosewa herufi, akitaka kusema "uhuru wa kusema". Karani akampitisha! Weusi waliojibu vizuri zaidi walikataliwa. Mwezi Machi 1965 majaji wote wakakubaliana kwamba mtihani ule ulivunja Katiba.

Agosti ya mwaka huohuo ikatoka Sheria ya Haki ya Kupiga Kura. Mitihani ikasimamishwa katika majimbo yenye sifa mbaya. South Carolina ikapinga mahakamani, ikashindwa mwaka 1966. Matokeo yake yalionekana upesi. Katika jimbo la Mississippi, kabla ya sheria hiyo, hata watu weusi 7 katika kila 100 wenye umri wa kupiga kura hawakuwa wameandikishwa. Kufika mwaka 1967 walikuwa karibu 60. Mwaka 1970 mitihani ikapigwa marufuku nchi nzima, na mahakama ikakubali.

Je, mambo yakaishia hapo? La. Sheria ile iliyataka majimbo hayo yaombe kibali kabla ya kubadili taratibu za uchaguzi. Mwaka 2013 majaji 5 dhidi ya 4 waliiondolea sehemu hiyo nguvu. Ubishi juu ya haki ya kura haukwisha.

Ndugu zetu, tunajifunza nini? Haki iliyoandikwa haijilindi yenyewe. Inataka watu wanaoisoma, wanaoidai, na wanaokumbuka kuitazama tena kesho. Wale wazee wa kisiwa cha Johns hawakusoma ili wasifiwe. Walisoma ili karani asipate tena la kusema. Nasi tusiiweke kalamu chini siku tuliyopewa cheti. Tuendelee kusoma, na tukisoma sheria, tuisome pamoja na majirani zetu.