Ukishinda Nusu na Kushindwa Nusu, Nani Alipe Gharama ya Kesi?



Leo tuongee kuhusu kitu ambacho watu wengi hukijua siku dalali wa korti ameshafika mlangoni: gharama za kesi. Siyo ile pesa unayodaiwa yenyewe, ni ile inayokuja juu yake. Unasikia mtu amesema, "Nimeshinda kesi!" Baada ya miezi sita unamkuta anauza mbuzi alipe aliyemshinda. Unajiuliza, imekuwaje? Mara nyingi jibu ni kwamba alishinda nusu, akashindwa nusu, na hakuna aliyekumbuka kuomba zile gharama zikatwe moja kwa nyingine.

Tuanze na msingi. Kifungu cha 27 cha Sheria ya Utaratibu wa Kesi za Madai, Sura ya 21, kinasema gharama ziko mikononi mwa jaji au hakimu, lakini kawaida yake ni kwamba anayeshindwa ndiye anayelipa, isipokuwa korti iwe na sababu nzuri ya kuamua vingine. Na kifungu hicho hicho kinaruhusu gharama ziwekewe riba isiyozidi asilimia 14 kwa mwaka. Kwa hivyo ukikaa nayo, inakua.

Mwaka 2014 Mahakama ya Juu ililifafanua jambo hili katika kesi ya Jasbir Singh Rai na wenzake dhidi ya Tarlochan Singh Rai. Kesi ya watu wa familia moja, waliogombana kortini miaka na miaka. Majaji walisema, kwa maneno yangu mimi, kwamba gharama si adhabu ya kumkomoa aliyeshindwa. Ni kumrudishia mwenzake alichotumia. Na wakasema korti itaangalia pia mienendo ya pande zote, kabla ya kesi, wakati wa kesi na baada yake, pamoja na maslahi ya umma. Shikeni hilo la mienendo. Barua ya matusi uliyoandika kwa hasira mwanzoni inaweza kukugharimu mwishoni.

Sasa tuje kwetu. Tuchukue mfano, na ni mfano tu, simsemi mtu. Mkulima wa upande wa Tseikuru ana shamba la ndengu. Kiangazi kimepiga, ngamia wamevuka kutafuta malisho, wameingia shambani. Mkulima anakwenda korti kudai hasara ya mazao. Mwenye ngamia naye anajibu: ngamia wangu wawili walikatwa panga. Analeta dai lake ndani ya kesi ile ile. Hilo linaitwa dai kinzani, na Amri ya 7 ya Kanuni za mwaka 2010 inaliruhusu. Hana haja ya kufungua faili lingine.

Hakimu anasikiliza, anaona wote wawili wana haki kiasi. Mkulima apewe shilingi 180,000 na gharama zake. Mwenye ngamia apewe 120,000 na gharama zake. Gharama zinapigwa hesabu: za mkulima 60,000, za mwenye ngamia 45,000. Jumlisheni. Mkulima anadai 240,000. Mwenye ngamia anadai 165,000. Tofauti ni 75,000. Basi.

Ikikatwa hivyo, mwenye ngamia analipa 75,000 na kila mtu anaenda nyumbani. Isipokatwa, huyu anatuma dalali kwa yule, na yule anatuma dalali kwa huyu. Na dalali hafanyi kazi ya sadaka. Ada yake anabebeshwa anayedaiwa. Hapo utaona watu wawili wenye tofauti ya 75,000 wamechomana pesa nyingi kupita hiyo, na uadui kati ya jamii mbili umeongezeka juu. Wale waliosoma fiqhi wanaijua hesabu hii kwa jina la maqasa, deni kwa deni. Sheria ya Kenya nayo inayo, ila watu hawaiombi.

Iko wapi? Amri ya 21 ya Kanuni inampa hakimu uwezo wa kuelekeza kwamba gharama anazodaiwa mtu zikatwe kwenye pesa ambazo mwenzake amekiri au amepatikana anadaiwa. Amri ya 22 inasema pande mbili zikiwa na hukumu za pesa dhidi ya wao kwa wao, utekelezaji ni wa ile tofauti tu. Na Agizo la Malipo ya Mawakili linamruhusu afisa anayetathmini gharama, ambaye kwa High Court ni Naibu Msajili, kufanya makato hayo. Kama wewe unastahili kulipwa gharama na wakati huo huo unadaiwa gharama, anaweza kukata moja kwa nyingine, au akaizuia yako mpaka ulipe unayodaiwa. Ni silaha ya kulinda mnyonge hiyo, kwa sababu kuna watu wajanja wa kupokea haraka na kulipa polepole.

Lakini sikilizeni masharti. Kwanza, deni liwe kati ya watu wale wale, na kila mmoja awe amesimama kwa nafasi ile ile. Hapa ndipo kesi za mifugo huharibika. Kijana anayechunga si mwenye ngamia. Mwenyewe yuko Garissa, ameajiri tu. Mkulima akimshtaki mchungaji, halafu mwenye mali akashinda kesi yake dhidi ya mkulima, hizo hukumu mbili hazikatani. Mdaiwa wa hii si mdai wa ile. Vivyo hivyo ukishtaki kama msimamizi wa mirathi ya marehemu baba, deni la mirathi halikatwi na deni lako wewe binafsi. Kwa hivyo kabla ya kuandika jina la mshtakiwa, uliza: mali ni ya nani hasa?

Pili, kiasi kiwe kimejulikana. Hii ndiyo inayowauma watu wengi. Hukumu imesema wote wawili mpate gharama, lakini mwenzako amepeleka hesabu yake, imepitishwa, ana cheti mkononi. Wewe yako bado iko kwa bahasha nyumbani. Yeye ana deni la kutekeleza, wewe una maneno. Peleka hesabu yako mapema, na ikibidi omba korti isimamishe utekelezaji mpaka zote mbili ziwe tayari. Usiporidhika na kiasi alichopitisha Naibu Msajili una siku 14 za kumwandikia ueleze ni vipengele gani unavipinga, kisha jambo liende kwa jaji. Siku 14 si nyingi kwa mtu wa Kyuso au Mutomo anayesubiri ripoti ya loya.

Na hesabu yenyewe inataka ushahidi. Risiti ya kufungua kesi, risiti ya kupeleka hati, nauli ya mashahidi. Weka kila karatasi. Halafu msichanganye mambo mawili: pesa unayomlipa wakili wako ni makubaliano yenu kwa mujibu wa sheria, na pesa unayolipwa na mshtakiwa inapimwa kwa jedwali la Agizo. Mara nyingi ya pili ni ndogo. Hata mshindi kamili hutoka mfukoni kidogo. Loya asiyekueleza hilo siku ya kwanza, mwulize siku hiyo hiyo.

Kama dai halizidi shilingi 1,000,000, ulizeni kwenye rejista kuhusu Korti ya Madai Madogo, iliyoanzishwa kwa sheria ya 2016. Unaweza kujisimamia mwenyewe, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Gharama ikiwa ndogo tangu mwanzo, hata ugomvi wa kuzikata huwa mdogo.

Neno la mwisho ni kuhusu kusikizana. Chukueni mfano mwingine, wa Makueni: mkulima wa maembe na broka. Broka alitoa malipo ya awali hakuja kuchukua, maembe yakaoza, sasa kila mmoja anamdai mwenzake. Wazee wanawaketisha, wanakubaliana, furaha, wanasalimiana. Katiba yenyewe, kifungu cha 159, inahimiza njia hiyo. Lakini kesi bado iko kortini, na karatasi ya makubaliano haisemi lolote juu ya gharama. Mmoja akiiondoa kesi yake, mwenzake anaweza kuomba gharama za kesi iliyoondolewa. Ugomvi unaanza upya, safari hii juu ya pesa ya loya.

Kwa hivyo mkiandika, andikeni wazi. Ama "kila upande ubebe gharama zake", au "gharama za A ni kiasi hiki, za B ni kiasi hiki, zikatwe, na tofauti ilipwe tarehe fulani". Wote wawili mtie sahihi, mwiwasilishe kortini iwe amri, na kila mmoja aondoke na nakala yenye muhuri.