Majengo ya Zamani ya Reli Yasigeuzwe Bila Sisi
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Voi)



Tumeombwa kusema juu ya majengo ya zamani ya kazi: maghala, karakana na stesheni ambazo shughuli zake zimehama. Wako wasemao yabomolewe, na wako wasemao yageuzwe ofisi za kisasa. Sisi twaunga mkono neno la pili, lakini kwa masharti.

Mji huu ulikuzwa na reli. Kazi ya kutandaza reli ilianza Mombasa mwaka 1896, ikapita hapa, ikafika Nairobi mwaka 1899. Wakati wa vita vya kwanza vya dunia ikajengwa njia ya kwenda Taveta, ikaungana na reli ya Moshi, na Voi ikawa njia panda. Mwaka 2017 reli mpya ilifunguliwa, abiria wa Mombasa na Nairobi wakahamia huko, na stesheni yetu ya zamani ikabaki bila wao.

Kwa nini yasibomolewe? Kwanza, jiwe lililokwisha kujengwa halinunuliwi tena. Saruji huokwa kwa moto mkali mno, na viwanda vya saruji duniani hutoa kama asilimia 7 au 8 ya hewa ya ukaa itokanayo na kazi za binadamu. Hewa hiyo ndiyo inayozidisha joto la dunia, nasi watu wa nchi kavu twalijua joto hilo.

Pili, wajenzi wa zamani hawakuwa na mashine za kupoza hewa. Walijenga paa la juu, madirisha yanayokabiliana ili upepo upite, na baraza pana la kuzuia jua. Ukiziba hayo yote, ukaweka dari ya chini na vioo vitupu, utalipa umeme wa mashine kila siku ya Mungu.

Tatu, maji. Maji ya Mzima yatoka katika kaunti yetu hii na kwenda Mombasa, na huku wengi wetu twanunua kwa mtungi. Basi tusidharau paa. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita za mraba 200 likipata milimita 500 kwa mwaka ni lita 100,000. Hata ukitoa zinazopotea, zabaki nyingi za vyoo, za kufua na za miti.

Wengine wamekwisha fanya. Nairobi, mwaka 2003, wasanii walifungua kituo chao cha GoDown katika ghala lililokuwa karakana ya magari. London, ghala la nafaka la King's Cross, lililojengwa mwaka 1852 kando ya reli, likawa chuo cha sanaa mwaka 2011. Huko huko London, mtambo wa umeme wa Battersea ulifunguliwa upya mwaka 2022 ukiwa na ofisi, maduka na nyumba. Kazi ni nzuri, lakini nyumba zake ni za bei ya matajiri. Hapo ndipo tuangalie sana, ndugu zetu.

Masharti yetu ni haya manne.

La kwanza: paa lichunguzwe kabla ya nyundo kupigwa. Majengo mengi ya miaka ile yaliezekwa asbesto. Vumbi lake hukaa mapafuni, na ugonjwa waweza kutokea baada ya miaka 20 au 30, wakati kontrakta hayupo tena. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri amlinde mfanya kazi. Kibarua aliyefungwa leso puani hajalindwa.

La pili: waashi, maseremala na wachomeaji wa hapa wapewe kazi, kwa mkataba ulioandikwa, na vijana wafundishwe humo humo kazini.

La tatu: wanaokaa katika nyumba za zamani wasiondolewe bila notisi ya maandishi na mahali pa kwenda.

La nne: katika kila jengo kubwa kitengwe chumba cha wafanya kazi, cha mikutano na cha chama cha akiba na mikopo, kwa kodi tunayoiweza.

Wanachama, tukingoja mpaka mabati ya kuzungushia uwanja yasimamishwe, tutakuwa tumechelewa. Twaomba kila tawi liandike orodha: jengo gani, paa lake ni la nini, nani analitumia, nani analala humo. Orodha hizo ziletwe kwa katibu kabla ya mkutano ujao, ili wajumbe wetu wakienda kuzungumza wawe na karatasi mkononi.

Umoja daima.