Asali katika Karamu ya Arobaini

Jioni hii twataka kuzungumza nanyi habari ya asali. Si asali ya kuuza sokoni, wala ya kutengenezea pombe, bali asali ya jikoni, siku ile jamaa wanapokutanika nyumbani kwa furaha. Nanyi mtakaoyasoma maneno haya katika kijitabu, tafadhalini wasomeeni na wale wasiojua kusoma, maana mna jambo moja ndani yake ambalo laweza kuokoa maisha ya mtoto.

Sisi tu wenyeji wa Tabora, katika nchi ya Wanyamwezi, ambako misitu ya miombo huwapa nyuki maua mengi. Wazee wetu waliijua asali kabla sukari ya dukani haijaenea vijijini. Walitundika mizinga ya magogo na ya magome juu ya miti, na warina asali walipanda usiku na moshi wao, wakateremsha masega. Wahenga walisema, fuata nyuki ule asali. Neno hili ni la kweli, lakini anayewafuata nyuki yampasa pia kujua namna ya kuitumia asali akiisha kuipata.

Katika nyumba yetu palikuwa na arobaini. Mke wa ndugu yetu alikuwa amejifungua mtoto wa kiume, na siku zake zikatimia za kutoka ndani. Bibi yetu, mzaa mama, alikuja kutoka kijijini na kibuyu cha asali nyeusi yenye harufu ya msitu. Tukampokea, tukamwamkia shikamoo, naye akaitikia marahaba, akakiweka kibuyu mbele yetu akasema, "Hiki ndicho kitoweo cha mjukuu wangu." Basi tukaanza kupika. Na tuwaelezeni namna tulivyofanya.

Kwanza tuliichuja asali. Asali iliyokamuliwa kwa mkono huwa na vipande vya nta na mabawa ya nyuki. Chukua kitambaa cheupe kilicho safi, kikavu, ukifunge mdomoni pa chombo, umimine asali pole pole, uiache ijichuje yenyewe. Ikiwa imeganda kama samli, usidhani kwamba imeharibika. Kuganda ni tabia yake. Weka chombo chake ndani ya maji ya moto yasiyochemka, nayo italainika. Usiibandike motoni peke yake, maana joto kali huondoa harufu yake nzuri. Kisha ifunike vema, kwa sababu asali hunyonya unyevu wa hewa, na ikiisha kupata maji huchacha.

Chakula cha kwanza kilikuwa kuku. Kuku wa kienyeji ana nyama ngumu, kwa hiyo tuliwachemsha kuku wawili kwa chumvi na kitunguu hata wakawa laini, na supu yao tukaiweka kando kwa ajili ya mzazi. Kisha tukatwanga tangawizi kipande cha kadiri ya kidole gumba, na punje nane za kitunguu saumu, na pilipili manga kidogo. Tukachanganya na maji ya ndimu tatu na vijiko vikubwa sita vya asali. Tukawaweka kuku juu ya makaa yasiyo na ndimi za moto, wakakauka na kuanza kuwa wekundu. Hapo ndipo tulipowapaka ule mchanganyiko, tukiwageuza mara kwa mara, kwa muda wa dakika kumi tu.

Wapishi wengi hukosea hapa. Hupaka asali tangu mwanzo, na nyama huwa nyeusi kwa nje na mbichi kwa ndani. Sababu yake ni hii: asali ni sukari iliyo ndani ya maji machache, na sukari yake huungua upesi kuliko nyama inavyoiva. Basi asali na ije mwisho, kama mgeni wa heshima.

Chakula cha pili kilikuwa mkate. Tulichukua vikombe vinne vya unga wa ngano, vijiko vidogo viwili vya hamira, nusu kijiko kidogo cha chumvi, na iliki iliyotwangwa. Katika kikombe kimoja cha maziwa ya vuguvugu tukakoroga robo kikombe ya asali, vijiko vitatu vikubwa vya samli, na yai moja. Tukaukanda unga kwa maziwa hayo hata ukawa laini usioshika mikono, tukaufunika, tukauacha uumuke mpaka ukawa mara mbili ya ulivyokuwa. Kisha tukautia katika sufuria iliyopakwa samli, tukaungoja uumuke tena kidogo, tukaupalia makaa machache chini na mengi juu ya kifuniko. Mkate wa asali hugeuka rangi mapema. Kwa hiyo uchungulie baada ya dakika ishirini, na rangi ikizidi upunguze makaa ya juu. Ukichoma kijiti katikati nacho kikatoka kikavu, umeiva. Faida yake nyingine ni kwamba haukauki upesi, maana asali huushikilia unyevu.

Mpishi azoeaye sukari akitaka kutia asali mahali pake, na akumbuke kipimo hiki: penye kikombe kimoja cha sukari, robo tatu ya kikombe cha asali yatosha, tena apunguze maji au maziwa kadiri ya robo kikombe, maana asali ina maji yake yenyewe.

Kinywaji kilikuwa rahisi. Tulichemsha maji pamoja na tangawizi iliyopondwa, tukayaacha yapoe, tukatia maji ya ndimu na asali kwa kadiri ya kupendeza. Watoto wakubwa walikunywa, na wazee pia.

Sasa twafika kwenye jambo lile tulilolitaja mwanzo. Chakula kilipokuwa tayari, Bibi alimpakata mtoto, akachovya kidole katika asali. Katika ukoo wetu ilikuwa desturi kumtilia mtoto tone la asali ulimini, ili maneno yake yawe matamu atakapokuwa mtu mzima. Mama wa mtoto akatutazama, naye hakuthubutu kusema. Ikatupasa sisi tuseme.

Tukasema, "Bibi, twakuomba uweke kidole chako kwanza. Mkunga ametuambia kwamba mtoto asiyetimiza mwaka asipewe asali hata kidogo."

Bibi akajibu, "Nimelea watoto saba kwa kidole hiki."

Tukamwambia, "Ni kweli, Bibi, na watoto wengi huramba wasidhurike. Lakini yule atakayedhurika hajulikani kabla."

Kisha tukamweleza, kama tunavyowaeleza ninyi. Ndani ya asali, hata iliyo safi kabisa, pengine mna mbegu za kijidudu kidogo mno kisichoonekana kwa macho. Tumbo la mtu mzima huzishinda. Tumbo la mtoto mchanga bado halijapata nguvu hiyo. Mbegu zaweza kuota ndani yake na kutoa sumu inayolegeza misuli. Waganga walianza kuutambua ugonjwa huu wa watoto wachanga mwaka 1976, huko Marekani. Jina lake ni botulizimu. Mtoto hufunga choo, kilio chake huwa dhaifu, hushindwa kunyonya, shingo yake hulegea, na mwishoni hata pumzi huwa shida. Ukiona dalili hizi, usingoje kesho; mpeleke hospitali mara moja. Wala usidhani kwamba kuipika asali kunaondoa hatari, kwa maana mbegu hizo hustahimili moto wa jikoni. Lakini mama anyonyeshaye aweza kula asali bila hofu; mbegu hizo hazipiti katika maziwa yake.

Bibi alinyamaza kitambo. Sisi tuliogopa kwamba tumemvunjia heshima mbele ya wageni. Kisha akacheka, akageuza kidole chake, akakitia kinywani mwa mama wa mtoto. Akasema, "Basi na ale mamaye. Mtoto atausikia utamu katika sauti ya mama." Wanawake wakapiga vigelegele, na karamu ikaanza.

Kabla ya kuondoka, Bibi aliomba chupa moja ndogo iliyo safi na kavu. Akaijaza asali ya kibuyu chake, akaifunga kizibo kwa nta, akaiweka juu ya kabati. Akasema, "Hii ni ya siku atakapotimiza mwaka. Asali haina haraka." Naye alisema kweli, kwa kuwa asali iliyoiva vema, ikifungwa isiingie unyevu, hukaa muda mrefu sana pasipo kuoza.

Basi, wasikilizaji wetu, hatukuwaambia mwache desturi za wazee. Desturi ile ilikuwa ya kumtakia mtoto heri, na heri yake ya kwanza ni uzima. Pikeni kwa asali, kuleni kwa furaha, mtunze mizinga na misitu inayowalisha nyuki. Lakini mtoto aliye chini ya mwaka mmoja mwachieni maziwa ya mamaye. Zamu yake ya asali itakuja.

Kwaherini, mlale salama.