Mawe ya Engaruka na Udongo wa Shamba Lako

 

Leo twende Engaruka, wilaya ya Monduli, mkoani Arusha, chini ya ukuta wa Bonde la Ufa. Ukifika utaona uwanda mkavu wa malisho, ng'ombe na mbuzi wa Wamasai wanapita. Lakini hebu tazama chini vizuri. Mawe yale hayakujipanga yenyewe. Ni mabaki ya mashamba, yapata hekta 2,000, yaliyolimwa kwa umwagiliaji tangu karne ya 15 hivi hadi karne ya 18. Juu yake, mlimani, vimebaki viwanja vya nyumba zao. Maandishi hawakuacha. Tunawajua kwa mawe yao, na kwa punje za mtama zilizoungua.

Basi, wazee wale walifanyaje mahali pa mvua haba? Walichimba mifereji kutoka kwenye vijito vya mlimani, wakaijengea kwa mawe. Mashamba nayo wakayagawa kwa mistari ya mawe. Na hapa sikilizeni sana, ndugu zangu: mahali pengine maji yale hayakunywesha mimea tu, yalileta udongo. Yakifika penye mawe, mwendo unapungua, tope linatua. Watafiti walipochimba waliukuta udongo huo umelala tabaka juu ya tabaka. Yaani, shamba lenyewe lilijengwa!

Sasa jiulize, wewe unayelima kwenye mteremko: mvua kubwa ikinyesha, yale maji mekundu yaendayo mtoni yamebeba nini? Yamebeba udongo wako na samadi yako. Mwakani utavuna nini?

Usingoje saruji. Panga mawe kukata mteremko, yafuate usawa wa kilima, yasishuke na maji. Anzia juu ya shamba. Kama mawe hayapo, panda mistari ya majani ya tembo. Kila baada ya mvua pita ukague. Tundu moja likiachwa, maji yote yatapitia hapo. Haba na haba hujaza kibaba.

Na ukikuta mawe ya kale kwenye malisho ya kijiji, usiyabebe kujengea zizi. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda mabaki ya namna hiyo. Mwarifu mwenyekiti wa kijiji. Jiwe likishahamishwa, somo lake limepotea.