Upasuaji Haufundishwi kwa Macho Peke Yake
(Maneno yaliyosemwa katika mkutano wa wanafunzi wa zamani, Ikola)



Nimeombwa nieleze jinsi sisi madaktari tulivyojifunza upasuaji wakati wa UVIKO-19. Nitasema kwa kifupi, maana chakula kimekwisha iva.

Kama mnavyokumbuka, Shirika la Afya Duniani lilitangaza janga hilo tarehe 11 Machi, 2020. Siku tano baadaye mgonjwa wa kwanza alitangazwa nchini kwetu, na mara shule na vyuo vikafungwa. Wakati huo nilikuwa nasomea ubingwa. Katika nchi nyingi upasuaji usio wa dharura uliahirishwa, na mikutano ambamo madaktari hupeana ujuzi ikavunjwa. Ndipo mikutano ikahamia kwenye mtandao.

Kwetu jambo hili halikuwa geni kabisa. Chuo cha Madaktari wa Upasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini, yaani COSECSA, kilianzishwa mwaka 1999, na makao yake yako Arusha. Daktari anayesoma huko hujifunza katika hospitali anamofanya kazi, chini ya bingwa. Hata kabla ya janga chuo hicho kilikuwa na masomo ya mtandaoni, kwa ushirikiano na Chuo cha Kifalme cha Upasuaji cha Ireland. Janga liliifanya nyongeza hiyo kuwa njia kuu.

Faida ilikuwa kubwa. Zamani kwenda mkutanoni kulitaka nauli, malazi, ruhusa, na mtu wa kukushikia zamu. Sasa daktari wa hospitali ndogo aliweza kueleza habari za mgonjwa wake, na mabingwa wa nchi tatu wakabishana mbele yake. Sisi watu wa ziwani tunajua uzito wa jambo hilo. Jirani zetu wa Karema walitibiwa na Adrian Atiman, aliyekombolewa utumwani akiwa mtoto, akasomea udaktari Malta, kisha akatumika Karema mpaka uzee wake. Alifariki mwaka 1956. Alipokwama, angemwuliza nani? Mgonjwa hasubiri barua.

Lakini, ndugu zangu, kasoro nazo zilikuwepo. Vifurushi vilikwisha katikati ya somo, na sauti zilikatika. Hayo ni madogo. Kubwa ni kwamba mkono haujifunzi kwa kutazama. Nani hapa alijua kushona wavu kwa kumtazama babu yake tu? Ulipewa uzi, ukafunga fundo, likafunguka, babu akakushika vidole. Upasuaji ni vivyo hivyo. Tulifunga mafundo kwenye miguu ya meza, na ilisaidia. Ila meza haitoki damu, wala utumbo hauvutwi kama kamba. Nguvu ya kuvuta uzi huijui mpaka mwalimu awe kando yako.

Ndiyo maana nina wasiwasi. Mtandao ni rahisi kuliko kumsafirisha bingwa, na wapangaji wa bajeti wanajua hesabu. Tusikubali mtandao uwe sababu ya kuwanyima waganga wa pembezoni mwalimu wa kukaa nao. Mama wa hapa anayeshindwa kujifungua usiku wa manane hataokolewa na hotuba. Ataokolewa na mkono uliokwisha kufanya kazi ile mara nyingi mbele ya mwalimu.

Ninyi mlio katika halmashauri na wizara, semeni neno hilo mnapoketi vikaoni: somo la mtandao liendelee kila wiki, na bingwa naye aje, akae, ashike kisu pamoja na wenyeji.

Nanyi vijana, msiogope fizikia na biolojia. Hospitali za huku zinawahitaji, na walimu wenu wa upasuaji, wa mtandaoni na wa mezani, tupo.